Mahali Nilipopaswa Kukwama

Mhariri hakuwahi kugusa kazi ya mtu kwa kalamu ya wino. Alitumia penseli, tena penseli laini, ile ambayo ukipitisha kidole juu ya maandishi yake inaacha kitu kama moshi kwenye karatasi. Alikuwa nazo nyingi ndani ya kopo la maziwa ya unga, zote fupi, zote zimechongwa kwa kisu cha jikoni. Alisema wino ni wa mwenye kitabu, na yeye yumo humo kwa muda tu.

Nimeanza na penseli kwa sababu ni rahisi. Kuna jambo nilimfanyia, na kwa miaka sita sikumwambia. Kila nikitaka kumkumbuka vizuri, alivyocheka, alivyounguza ugali huku akibishana na mwandishi, jambo hilo limesimama mlangoni. Kwa hiyo niseme mapema kwamba lipo, halafu niendelee.

Watoto wa ploti yake, vyumba vya kupanga kule mtaa wa Ayany, walimwita Ticha, ingawa hakuwahi kufundisha darasa lolote. Mwenye duka alimwita Madam. Mimi nilimwita Mama, kama ninavyomwita kila mwanamke aliyenizidi miaka na kunipa kazi. Hapa nitamwita Mhariri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya, na majirani hawakuijua. Hata mimi sikujua kama ipo. Nilidhani mtu anaandika riwaya, anaipeleka kwenye mashine, kitabu kinatoka.

Tulijuana kwa sababu ya nguo. Nilikuwa nafua mitaa ya Olympic na Ayany, nyumba kwa nyumba, siku nne kwa wiki. Nguo zake zilikuwa chache lakini mifuko yake ilijaa vipande vya karatasi. Nilivitoa kabla ya kuloweka, nikavipanga dirishani, na kwa sababu nina macho nikavisoma. Vilikuwa maswali matupu. Amevaa nini miguuni? Nani alifunga mlango? Mvua ilikatika saa ngapi? Nilifikiri ni mama wa watu aliyechanganyikiwa kidogo, anaishi peke yake, anaandikia ukuta.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, huyu ambaye hatujui amevaa nini miguuni ni nani?"

Akageuka kutoka kwenye jiko. "Umesoma karatasi zangu?"

"Zilikuwa mfukoni. Zingelowa."

"Sijakasirika. Nauliza, unaweza kusoma kwa sauti?"

Nikamwambia niliishia kidato cha pili, muhula wa kwanza. Sikusema zaidi. Baba yetu alikuwa ametangulia, mama akafuata, na mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwa Wafula, na Nafula ambaye ni kitindamimba. Nilirudisha vitabu vya shule ofisini, nikanunua beseni. Sikulia siku hiyo wala sikujisifu baadaye. Ilikuwa zamu yangu tu.

"Kidato cha pili ni pazuri," Mhariri akasema. "Hawa waliofika chuo kikuu wananidanganya."

Nilichukua muda kuelewa maana yake. Msomi, alinieleza, akisoma sentensi mbovu hupita juu yake kama mtu anayevuka mtaro aliouzoea. Mguu unajua wenyewe. Hata hakumbuki kwamba palikuwa na mtaro. Lakini mdomo wa mtu aliyeacha shule mapema haujafunzwa kuruka. Ukifika kwenye mtaro unasimama. Yeye alitaka kujua mdomo umesimama wapi.

Basi kazi ilikuwa hivi. Jumanne na Alhamisi, nikishaanika nguo, niliketi kwenye stuli karibu na dirisha na kumsomea riwaya ya mtu. Yeye aliketi kitandani, mgongo ukutani, kikombe cha chai mkononi na kijiko ndani yake. Nikikwama, aligonga kikombe kwa kijiko, mara moja. "Rudia." Nikirudia na kupita salama, tuliendelea. Nikirudia na kukwama palepale, aligonga mara mbili, nami nikaweka alama ya penseli pembeni. Sheria yake ilikuwa fupi. Ukikwama mara ya kwanza, kosa ni lako. Ukikwama mara ya pili, kosa ni la mwandishi.

Sikuwahi kuambiwa na mtu kwamba kosa linaweza kuwa la mwingine. Shuleni nikikwama darasa zima lilicheka. Hapa nilikuwa nakwama na mwanamke mzima anasema asante.

Wiki moja baadaye, usomaji wangu ukiisha, aliichukua kazi hiyo mwenyewe, akaisoma kwa macho yake akitumia kioo cha kukuzia herufi, akitazama kila alama niliyoweka. Kisha alimwandikia mwandishi barua ndefu ya maswali. Hakuwahi kuandika "badilisha". Aliuliza tu.

Kulikuwa na mzee mmoja, askari mstaafu, aliyeandika riwaya ya mpelelezi. Mpelelezi wake aliua watu saba kwa wiki moja, na kila alipoingia mahali, shati lake lilikuwa jeupe. Mhariri alimwuliza swali moja tu katika ukurasa wa kwanza wa barua: Nani anafua shati hili?

Mzee alifika Ayany mwenyewe, amenuna.

"Madam, mimi nimekuletea kitabu cha vita. Wewe unaniuliza mambo ya sabuni."

"Nakuuliza mambo ya damu. Nekesa, damu inatokaje kwenye shati jeupe?"

Nilikuwa nje nafua. Nikajibu bila kuinua kichwa, "Maji baridi na chumvi, kabla haijakauka. Ukitia maji moto inashika milele."

"Umesikia?" akamwambia mzee. "Huyo anajua. Na mke wa mpelelezi wako anajua. Yuko wapi mke wake?"

Mzee aliondoka bila kuaga. Akarudi baada ya majuma mawili na sura mpya: mwanamke ameinama juu ya karai, maji yanageuka rangi ya waridi, na hataki kumuuliza mumewe alikuwa wapi. Nilipoisoma sikukwama hata mara moja. Mhariri aliweka kikombe chini. Mzee alitaka kumshukuru ukurasa wa mbele wa kitabu, kwa jina, na yeye akalifuta. Alilifuta jina lake katika vitabu vyote. Alisema msomaji akilikuta ataanza kumtafuta humo ndani badala ya kufuata hadithi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Angeweza kukaa asubuhi nzima akipanga upya matukio ya sura moja ili kila kitu kiwe mahali pake, na sufuria zake zilikaa chini ya kitanda pamoja na viatu. Alikataza mtu yeyote kula karibu na kazi ya mwandishi, na barua zake mwenyewe zilitoka na madoa ya maharagwe. Aliwazuia waandishi wasiwalize wahusika wao ovyo. "Akilia yeye, mimi nalia kwa nini?" Lakini redio ikitangaza vifo, majina ya watu wa Kakamega au Makueni asiowajua kabisa, alitafuta leso. Neno "ghafla" alilichukia. Kila mwandishi aliachiwa matatu kwa kitabu kizima, na hata hayo aliyapata kwa kuomba.

Na alichukia uongo. Nalisema hili polepole. Katika riwaya alivumilia majini, wachawi na wanaume waaminifu, lakini nje ya riwaya alitaka jambo lisemwe lilivyo. Niliwahi kumwambia nilichelewa kwa sababu ya mvua. Akatazama viatu vyangu vikavu. "Hebu nipe sababu nyingine," akasema, na nikampa ya kweli, kwamba Wafula alikuwa amefukuzwa kazi ya mjengo na nilikuwa nimekaa naye. Akaniwekea chai.

Huyohuyo alimwambia kila mtu ana miaka hamsini na mbili, kwa miaka yote niliyomjua. Na alidanganya kuhusu macho yake. Alikuwa na presha ya macho. Nilijua kwa sababu niliziona chupa za dawa, lakini alisema ni za vumbi.

Sasa niseme kuhusu Nafula. Sehemu hii haikuwapo nilipoandika kurasa hizi mara ya kwanza, nami nitaeleza mwishoni kwa nini nimeiongeza.

Nafula alikuwa kidato cha tatu wakati huo. Alikuwa na kichwa chepesi, na Mhariri alimwazima vitabu. Jumamosi moja nilikuwa namalizia kazi iliyobaki Alhamisi, Nafula akaja, akaketi mlangoni akisikiliza. Nilikwama. Kijiko kikagonga. Nikarudia. Nafula akaziba mdomo kwa sweta.

"Dada, unasoma kama gari imeishiwa petroli pale mlimani."

"Mwache," Mhariri akasema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Ati unalipwa kukwama? Woi, hata mimi naitaka hiyo job."

Akainuka, akanichukulia karatasi mkononi, akasoma. Alisoma ukurasa mzima, sauti inapanda na kushuka kama ya mtangazaji. Mimi niliyemlea, niliyemfundisha a e i o u kwa mkaa kwenye sakafu ya chumba chetu mtaa wa Lindi, jirani na Ayany, nilikaa pale nikimtazama.

Mhariri alisikiliza hadi mwisho. "Unasoma vizuri sana," akamwambia. "Siwezi kukutumia."

Ilikuwa sifa kwangu. Leo naiona waziwazi. Lakini siku hiyo nilisikia nusu ya kwanza tu. Tukirudi nyumbani Nafula akamweleza Wafula, akaniigiza, wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu mkubwa hanuni kwa jambo dogo. Jumanne iliyofuata nilimwambia Mhariri kwamba ingekuwa vizuri nibebe kurasa za wiki nzima kwangu, ili zisikae karibu na dirisha linalovuja. Hakutazama dirisha. Aliniamini.

Nikawa nafanya mazoezi. Wafula na Nafula wakiwa wametoka asubuhi, nilipindua beseni, nikaweka karatasi juu yake, nikasoma kila ukurasa mara tatu, mara nne, hadi ulimi ukazoea. Mahali palipokuwa na mtaro nilijifunza kuuruka. Sentensi ikiwa imepinda, niliinyoosha kichwani, kisha nikaikariri ilivyonyooka. Mbele ya Mhariri nilisoma kama maji. Siku ya kwanza kijiko kiligonga mara mbili tu. Siku ya pili hakikugonga.

"Umekuwa msomaji," akasema.

Nilibeba maneno hayo kutoka Ayany hadi Lindi kama mtu anayebeba mayai.

Na kazi iliyokuwa mikononi mwangu wakati huo ilikuwa ya Mama Mwende.

Mama Mwende ni fundi wa cherehani kule Kawangware. Aliandika riwaya yake kwa miaka tisa katika madaftari ya shule, kati ya sare moja na nyingine, kisha akachapisha nakala kwenye saibaa, duka la kompyuta. Ilihusu ndugu watatu wa Kitui wanaogombania kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto. Ilikuwa nzuri. Katika sura ya nne nyanya yao anazikwa, na mazishi hayo niliyasoma juu ya beseni langu nikalazimika kusimama kwanza, kwa sababu yalikuwa kama ya mama.

Katika sura ya kumi na moja bibi harusi anafika. Nyanya anamshika mkono na kumwambia kisima kilichimbwa na nani.

Nilikwama hapo. Peke yangu, chumbani, saa nne asubuhi, nilikwama kabisa. Nikarudi nyuma nikatafuta mazishi. Yapo. Nikarudi sura ya kumi na moja. Nyanya yupo, anaongea. Nikafikiria kidogo, nikaona huyu atakuwa shangazi, kwa kuwa shangazi yupo tangu mwanzo na hana kazi. Nikafurahi kuligundua. Nikasoma mara nne, nyanya kila mahali nikimwita shangazi, hadi mdomo ukakubali.

Alhamisi nilimsomea hivyo. Shangazi akamshika bibi harusi mkono. Kijiko kimelala ndani ya kikombe.

Ningeweza kumwambia. Ningesema, Mama, hapa ameandika nyanya. Lakini angeuliza nimewezaje kusema shangazi bila kukwama, na ningelazimika kusema nilikuwa nafanya mazoezi, na kwa nini. Nikasema moyoni, ataliona mwenyewe akisoma na kioo chake. Huwa anasoma. Nilijituliza kwa hilo.

Tulipomaliza akaniambia niiweke kazi ndani ya bahasha, Mama Mwende atakuja kuichukua.

"Hutaisoma mwenyewe kwanza?"

"Nimeisikia. Kurasa mia mbili na kijiko hakikugonga mara kumi. Huyu mama ni mwandishi, Nekesa. Nini tena nitafute?"

Nilimpa bahasha. Akaipokea, na nikaona vidole vyake vinatafuta ukingo wa kuifungia, vinapita juu yake mara mbili bila kuuona. Kioo kilikuwa mezani na vumbi juu yake. Nikaelewa wakati ule, nikiwa nimesimama pale, kwamba macho hayasomi tena. Kwamba nilichosoma ndicho alichonacho, na hana kingine.

Nikachukua beseni langu nikaenda.

Kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa kanisa la Kawangware, Jumapili baada ya ibada. Palikuwa na soda na mandazi, kwaya ya akina mama ikaimba, na Mama Mwende alivaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Mhariri aliketi safu ya pili. Mimi niliketi kando yake, nimeshika mkoba wake, kwa sababu ngazi za ukumbi zilimpa shida na alisema ni viatu.

Watu walikuwa wamenunua kitabu wiki moja kabla. Akasimama mwalimu mmoja, mtu mcheshi, hakuwa na ubaya.

"Mimi nimekipenda," akasema. "Nina swali dogo tu. Huyu nyanya tuliyemlilia sura ya nne, tukamzika na kula mazishini, naona sura ya kumi na moja anampokea bibi harusi. Alifufuka siku gani? Ama Kitui mna utaratibu wenu?"

Ukumbi ukacheka. Mama Mwende akacheka nao. Akafungua kitabu chake, akatafuta ukurasa, na tukamwona anasoma. Kisha hakucheka tena. Watu waliendelea kucheka kidogo bila yeye.

Mhariri akasimama. Alishika kiti cha mbele yake. "Hilo si kosa la mwandishi," akasema, na sauti yake ilifika nyuma. "Alinipa mimi kazi hii niitazame. Mwandishi hawezi kuona kisogo chake, ndiyo maana anamtafuta mtu kama mimi. Kosa ni langu. Mcheke mimi."

Hakuna aliyemcheka. Ilikuwa vibaya zaidi. Akaketi, akanigusa mkono kuhakikisha mkoba upo. Mkoba ulikuwepo. Nilikuwa nimeukumbatia kifuani kwa mikono miwili, na mdomo wangu, uliokuwa umejua kuruka kila kitu, haukufunguka.

Vitabu vilivyobaki vilirudi katika maboksi chini ya meza ya kukatia nguo. Nilisikia Mama Mwende haandiki tena. Nilisikia kwa wateja wake, sikwenda kuuliza.

Niliendelea kumfulia Mhariri. Hakunilaumu, kwa kuwa hakujua pa kunilaumu. Hakuniita kumsomea pia. Alisema kazi zimepungua. Nilikagua mifuko ya nguo zake kama kawaida: karatasi mbili, kisha moja, kisha mwezi mzima hamna. Nadhani hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama mifuko ile mitupu. Niliifua hivyohivyo. Nilimfulia mashuka bila kutaka malipo, nikamchotea maji, nikamletea mboga kutoka Lindi. Kila jema nililomfanyia nilijua ni la nini, na yeye alinishukuru kwa kila moja.

Alipoacha kuona kabisa, mpwa wake alimchukua akakae naye Kawangware. Nilisaidia kufunga mizigo. Kopo la penseli nililitia ndani ya sufuria ili lisimwagike. Nilimtembelea mara mbili, nikakaa, nikaongea habari za bei ya sukuma wiki. Halafu nikaacha kwenda.

Ni Nafula aliyenirudisha. Sasa yeye ni mwalimu, na mwezi uliopita alikutana na mpwa huyo sokoni. "Dada, yule mama anakuulizia sana. Anasema wewe ndiye msomaji wake. Kwani mlikosana?" Nikasema hapana. Nikanunua daftari. Kwa majuma matatu niliandika kurasa hizi, penseli, beseni, Mama Mwende, ukumbi wa kanisa. Nilijua siwezi kumwambia nikimtazama. Kusoma nilidhani naweza.

Nilienda juzi, saa nane mchana. Mpwa alinikaribisha na kutoka kwenda kibandani kwake. Mhariri alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, vilevile. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe, na bado aliniambia ana hamsini na mbili.

"Umeniletea nini? Nasikia karatasi."

"Kazi ya mtu, Mama."

"Mtu gani?"

"Ndiyo kwanza anaanza."

Akapapasa akapata kikombe, akapata kijiko. "Haya."

Nikasoma. Penseli laini, kopo la maziwa, vipande vya karatasi dirishani. Alitabasamu mapema, alikuwa amejitambua, lakini hakusema kitu, kwa sababu hakuwahi kumkatiza mwandishi. Kwenye askari mstaafu alicheka. Nikafika mahali nilipoandika kwamba nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani.

Nikakwama.

Kijiko kikagonga. "Rudia."

Nikarudia. Neno la kwanza likatoka, la pili likatoka, la tatu likabaki. Niliyaona maandishi yangu mwenyewe na sikuweza kuyasoma. Kijiko kikagonga mara mbili.

"Weka alama," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Halafu endelea, hata kama ni neno moja moja."

Nilisoma neno moja moja. Nyanya, shangazi, bahasha, mkoba. Nilipomaliza, chai yake ilikuwa imepoa na hakuwa ameinywa. Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye mabati, akaacha, akaanza tena.

"Kazi hazikupungua," akasema hatimaye. "Nilikudanganya. Walikuja sita baada ya ile siku, mzee wa shati jeupe akiwa wa kwanza. Niliwarudisha wote. Macho yalikuwa yamekwisha, hayo niliyajua. Lakini masikio nilikuwa nayaamini. Nilisikiliza kitabu kizima na maiti akapita mbele yangu akiongea, nisimsikie. Nikasema basi, na masikio yamekufa. Nikaacha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kwa kusamehewa pia nilikuwa nimejiandaa, kisirisiri. Hili sikuwa nimelijua. Miaka sita nilidhani nilichomnyima ni wateja.

"Yalikuwa mazima," nikasema. "Masikio yako, Mama. Nilisema shangazi."

"Sasa najua."

Akakoroga chai ile baridi. Kisha akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi, alikuwa anaiuliza kazi, kwa sauti ileile ya barua zake:

"Huyu dada anayesoma, alikuwa anaogopa nini? Hapa anachukua kurasa nyumbani, anafanya mazoezi. Kwa nini? Hakuna aliyemkaripia. Mimi namsikiliza, simwelewi."

"Alikuwa anaogopa kuchekwa."

"Na nani?"

"Na mdogo wake."

Kijiko hakikugonga. "Haijaandikwa," akasema. "Umemficha huyo mdogo ili asilaumiwe. Umekuwa mkubwa hata ndani ya karatasi. Mwandike. Si yeye mwenye kosa, msomaji ataona, lakini bila yeye mimi sikuamini."

Nikasema nitaandika. Nikaanza kukunja karatasi. Akanyoosha mkono, nikadhani anazitaka, kumbe alikuwa ananyoosha kidole kuelekea dirishani.

"Unasikia ile cherehani?"

Nikasikiliza. Nyuma ya misumari kulikuwa na mashine ya kushonea, inakimbia, inasimama, inakimbia.

"Ni yeye," Mhariri akasema. "Vibanda vitatu kutoka hapa. Hunishonea, na hajawahi kunitajia kile kitabu hata siku moja. Miaka sita anadhani aliyeharibu ni mimi, na anakuja kunipima mabega. Hii kazi uliyoniletea si yangu, ni yake. Keshokutwa umpelekee umsomee."

"Ndiyo, Mama."

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Nekesa. Na usifanye mazoezi."

Keshokutwa ni leo. Nafula nimemwandika jana. Sehemu hii ya mwisho nimeiandika asubuhi hii, watu wakiwa wametoka, beseni limesimama wima ukutani. Sijaisoma.